Mbula wa Makaburini: Shajara ya Mradi, Tabora, Mei 2024 hadi Januari 2025

Jumamosi, 4 Mei 2024

Leo tumeanza. Mvua ya mwisho ilinyesha wiki mbili zilizopita na nyasi za makaburini zinanifika kifuani. Kutoka lango la minyaa hadi kwenye msalaba mkubwa ilibidi tupite kwa mstari, mzee mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake, na watoto wanne wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, wakinifuata. Mzee huyu amekuwa mchimba makaburi wa parokia tangu kabla sijazaliwa. Nimemwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo naona nitaulizwa mwaka mzima: "Mjukuu wangu, unahesabu nini huku? Wafu wote tunao kwenye kitabu cha katekista."

Nimemjibu kwamba nataka kuhesabu walio hai.

Maelezo kidogo kwa atakayeisoma shajara hii baadaye. Makaburi haya ya zamani yako pembezoni mwa mji wa Tabora, ukubwa wake kama viwanja viwili vya mpira. Kaburi la kale kuliko yote ambalo tarehe yake bado inasomeka ni la 1931, lakini wazee wanasema yapo yaliyotangulia, ya watu waliokuja kufanya kazi ya reli, ambayo ilifika mjini kwetu 1912. Kiwanja kipya kilipofunguliwa, huku kwa zamani pakabaki pa kuzikwa wale tu wenye nafasi kando ya ndugu zao. Nje ya uzio, pande tatu ni mashamba na nyumba. Miyombo iliyokuwa hapo imekwenda kwenye mkaa, kwenye matanuri ya matofali na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Ndani ya uzio hakuna aliyewahi kulima wala kutia mbolea, na wenye mashoka wamepita mbali, kwa sababu moja tu: wamelala watu.

Baba Paroko ametupa ruhusa ya maandishi yenye masharti matatu. Tusichimbe. Tusiondoe kitu chochote juu ya kaburi. Na ikifika tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, makaburi yawe safi kama kila mwaka. Mawili ya kwanza ni mepesi.

Jumamosi, 18 Mei

Tumemaliza miti. Ipo miyombo na mitundu ya asili, mininga miwili mikubwa, mkwaju mmoja, mfulu karibu na lango, na mkuyu ambao mizizi yake imelikumbatia kaburi la matofali kiasi kwamba huwezi tena kusema kipi kinamshika mwenzake. Miembe imejipanga kando ya njia ya jeneza. Ya kupandwa na wakubwa wa parokia ni mijohoro na miarobaini. Nje ya uzio, umbali wa kurusha jiwe, tulihesabu mninga sifuri.

Lakini habari ya leo ni mbula. Umesimama katikati kabisa, watoto watatu wakishikana mikono hawaufikii mzunguko wake. Nimewafundisha kuutambua kwa jani: juu kijani iliyokoza, ukiligeuza chini ni jeupe na lina manyoya laini, ukilipitisha shavuni ni kama flana. Mmoja akaligeuza jani lake mara nne, tano, kuhakikisha rangi ile haitoki.

Mzee alikuwa anatutazama. Akasimama shinani, akaelekeza uso kanisani, akahesabu hatua kwa sauti. Kumi na moja: "Hapa yuko mke wa mwalimu wa kwaya ya zamani." Akarudi shinani, akageukia relini, hatua kumi na nne: "Hapa mapacha." Ardhini hapakuwa na kitu, nyasi tu. Misalaba ilikuwa ya mbao na mchwa waliimaliza. Kumbe kitabu cha katekista kina majina, na mahali pa kila jina mzee anapajua kwa kupima kutoka kwenye mti. Mbula huu ukianguka, makumi ya watu watapotea mara ya pili.

Nimewasimulia watoto, maana wote walishapelekwa na shule kulitazama tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri kutoka Uskoti. Livingstone alipofariki kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti ambao wenyeji wanauita mpundu. Jacob Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti uleule. Mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani, Chuma na Susi wakiongoza, na Oktoba ya mwaka huohuo wakapita nao hapa kwetu Kwihara. Mpundu ni mbula. Ni mti wa aina moja kabisa na huu. Mwaka 1899 mti ule wa Chitambo ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikasafirishwa London. Mtoto mmoja akauliza, sasa moyo nani anajua ulipo? Mzee akamjibu kabla yangu: "Ndiyo maana mti wa makaburini haukatwi."

Nimeandika pembeni mwa daftari: kupanda mbula mwingine, haraka.

Jumamosi, 8 Juni

Kazi ya leo ilikuwa mawe. Zile baka za kijivu, njano na rangi ya chungwa zilizoganda juu ya saruji na mawe ya makaburi si uchafu wala si kutu. Ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, mmoja akitoa makazi, mwenzake akipika chakula kwa mwanga wa jua. Uingereza watu wamezikagua kwa makini sana kwenye viwanja vya makanisa ya kale, na aina zilizokutwa humo zimepita 700. Sababu inaeleweka ukikaa makaburini nusu saa: jiwe halihamishwi, upande mmoja una jua, mwingine una kivuli, na kila jiwe lina tarehe yake. Mwaustria Roland Beschel alilitumia jambo hilo miaka ya 1950. Alipima kuvumwani kwenye mawe ya makaburi yenye tarehe, akapata kasi ya ukuaji wake, kisha kwa kipimo hicho akakadiria umri wa mawe yaliyoachwa na barafu milimani.

Sisi tumepima duara moja la rangi ya chungwa kwenye lile jiwe la 1931. Milimita 62. Kama lilianza mwaka uleule jiwe liliposimamishwa, halijakua milimita moja kwa mwaka. Tumelipiga picha likiwa na rula pembeni.

Nimezungumza pia na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaokuja kusafisha. Walikuwa wanayasugua mawe kwa brashi ya waya na sabuni ya unga. Nimewaomba wasugue sehemu ya jina na tarehe tu, kwa maji na brashi laini. Wamekubali bila ubishi, na mmoja akaniambia afadhali, maana brashi ya waya ilikwisha kula herufi za jina la baba yake.

Jumamosi, 29 Juni

Njia ya kuzuia moto imekamilika pande tatu, upana hatua nne, imepalizwa hadi udongo mtupu. Upande wa nne kuna barabara.

Jumamosi, 13 Julai

Juu ya kikanisa kidogo cha kuombea mazishi, kati ya dari na bati, anaishi bundi. Ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la kopa la karata. Hatulali naye vizuri hapa parokiani. Watu wanaamini akilia juu ya nyumba kuna msiba unakuja, na sasa amekaa juu ya nyumba ya msiba yenyewe. Wiki iliyopita vijana walipanda na fimbo kumfukuza, mzee akawateremsha.

Mama mmoja, jirani yetu wa jumuiya, alinisimamisha njiani. "Mwanangu, huyo ndege mnamtunza wa nini?" Sikuwa na jibu fupi, nikamwomba aje Jumamosi.

Chini ya ukingo wa dari tulikusanya vidonge tisa vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba, vimenyauka na vinang'aa kidogo. Bundi humeza windo zima, halafu mifupa na manyoya asivyoweza kuvisaga huvitapika vikiwa vimeviringwa pamoja. Tuliviloweka kwenye maji ya uvuguvugu, tukatandaza karatasi nyeupe juu ya benchi la kikanisa, watoto wakaanza kuvipasua kwa vijiti vya meno. Manyoya ya kijivu yalitoka kama pamba iliyolowa. Ndani yake mbavu nyembamba kama uzi, uti wa mgongo pingili moja moja, kisha fuvu, dogo, jepesi, na mbele ya fuvu yale meno mawili ya panya, marefu, yaliyopinda, ya rangi ya chungwa. Mama alikuwa amesimama nyuma ameshika kanga mdomoni. Kidonge cha tatu kilipotoa mafuvu manne, akasogea, akakaa kwenye benchi, akaomba kijiti.

Jumla yake mafuvu 23 katika vidonge tisa. Yote ya panya na jamii yake, isipokuwa moja la ndege mdogo. Mama ana ghala la mahindi na karanga nyuma ya nyumba yake. Mwaka jana panya walimla magunia. Hakusema kitu kuhusu kulia kwa bundi. Aliomba karatasi yenye mafuvu, akaikunja taratibu ili yasidondoke, akaondoka nayo kwenda kuwaonyesha wenzake wa jumuiya.

Jumamosi, 10 Agosti

Nyuki wadogo, koloni tatu! Mimi nilisomea nyuki, kwenye Chuo cha Nyuki hapahapa Tabora, kwa hiyo niseme wazi kwamba sehemu hii ya mradi ndiyo inayonitoa kitandani alfajiri. Mbili zimo kwenye matundu ya miyombo. Ya tatu imo ndani ya kaburi: la matofali, limepigwa lipu, lipu imepasuka ubavuni, na kwenye ufa umetokeza mrija wa nta wa urefu wa kidole, laini, rangi ya chai ya maziwa. Walinzi watano wamekaa kwenye mdomo wa mrija wakitazama nje. Ukipuliza hewa kidogo wanaingia ndani wote kwa mara moja, halafu kichwa kimoja kinachungulia tena.

Hawa hawaumi. Asali yao ni chache, nyepesi, ina uchachu, na bei yake inaipita mbali ya nyuki wakubwa kwa sababu watu huitumia kama dawa ya kifua na vidonda. Hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Tumeitafuta familia ya kaburi hilo kupitia katekista. Wamesema waacheni, bibi alipenda asali.

Jumatatu, 26 Agosti

Wamelivunja. Mzee amenipigia simu asubuhi. Kuna mtu aliyekuja usiku, akabomoa matofali manane ya ubavu wa kaburi, akachukua vyungu vya asali, vile vijungu vya nta ambamo nyuki hawa huweka asali yao, na kuacha vilivyobaki wazi kwenye vumbi. Sitaandika ninayemshuku. Nimelia pale, nasema kweli, na sikujua nalilia kaburi la bibi wa watu au nalilia nyuki.

Kisha kazi. Malkia wa nyuki wadogo akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba na hawezi tena kuruka. Koloni ya nyuki wakubwa ikivurugwa huhama. Hawa hawana pa kuhamia, wakiachwa wazi siafu na sisimizi huwamaliza siku moja au mbili. Nilikuwa na mzinga mdogo wa mbao nyumbani, mzee akaenda kuuchukua kwa baiskeli. Tuliyahamisha majana, yaani watoto wa nyuki, kwanza, mapande mapande, nikiyashika kwa majani mawili ya mwembe ili nisiyaminye. Malkia alikuwa kwenye pande la pili, mzima, anatembea polepole kama mjamzito. Vyungu vilivyopasuka hatukuvitia mzingani, maana asali iliyomwagika huita sisimizi. Mwisho nikaubandika ule mrija wao wa zamani kwenye tundu la mzinga, ili wanaorudi kutoka machungani wanuse mlango wao. Saa kumi na mbili jioni walikuwa wanaingia mfululizo. Miguu ya mzinga tumeipaka grisi.

Familia ilifika, watu sita. Nilijiandaa kulaumiwa, kwamba tumewaonyesha wezi njia kwa kupitapita na madaftari. Baba mkubwa wao alisikiliza yote, akaomba ndoo ya maji na mchanga, wakajenga ubavu upya siku ileile. Matofali matatu yaliyovunjika vibaya yakabaki, mzee akayaweka chini ya mbula.

Jumamosi, 14 Septemba

Kosa hili ni langu na naliandika lote. Wiki ya kwanza ya mwezi tuliokota majani makavu kwenye njia ya jeneza, nikaelekeza yarundikwe kona ya kusini, kando ya njia ya kuzuia moto, mpaka tupate toroli. Toroli haikupatikana. Jumatano jirani alichoma mabaki ya shamba lake, kitu ambacho kila mtu hufanya mwezi huu, upepo ukageuka, na cheche zikaanguka kwenye rundo langu. Hatua nne za udongo mtupu hazisaidii kitu ukiwa umeweka kuni upande wa ndani.

Imeungua kona nzima, kutoka uzio hadi hatua chache kabla ya mbula. Minyaa imenyauka. Misalaba mitatu ya mbao imeteketea. Jana na leo nimekwenda kwenye nyumba tatu, nikifuatana na katekista, kuomba radhi. Nyumba ya kwanza walinikaribisha chai. Ya pili walinisikiliza wakiwa wamesimama. Ya tatu mama mwenye kaburi hakutoka ndani, na ana haki yake. Fundi atatengeneza misalaba mitatu ya mninga kwa gharama yangu.

Wiki hiihii, miyombo iliyobaki imetoa majani mapya. Mvua bado zaidi ya mwezi, ardhi imekauka kama chungu, na mti unachipua majani mekundu kama damu ya mzee, mengine ya rangi ya shaba. Watoto wanauliza maji unayatoa wapi. Umeyaweka akiba, shinani na mizizini, tangu masika.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilikuwa nakata kona kati ya makaburi mawili yasiyo na majina, mzee akanishika mkono: "Usikanyage." Nikatazama chini. Niliona majani makavu. Akaelekeza kwa fimbo, nikaona majani makavu. Ilibidi nichuchumae na kukaa kimya mpaka jani moja likafumba jicho.

Ni ndege wa jioni, yule anayelala katikati ya njia na kuruka dakika ya mwisho gari linapomfikia. Wapo wanaomwita kirukanjia. Mzee amelelewa akimwita mpasuasanda, na utotoni aliambiwa kwamba usiku hupasua sanda za waliozikwa. "Nimechimba makaburi miaka arobaini," akasema, "sijaona sanda iliyopasuliwa na ndege." Kila unyoya wa mgongo wake una michirizi ya kahawia, majivu na nyeusi, na pembeni mwa shingo kuna ukanda mwembamba wa rangi ya kutu. Mdomo ni mdogo kama punje, lakini ukipanuka unaingiza nondo mzima akiwa hewani. Alipotuchoka aliruka hatua tano na kujiburuza kama aliyevunjika bawa. Alipokuwa amelala palikuwa na mayai mawili juu ya udongo mtupu. Hana tago, hana jani lolote alilotandika.

Tumeondoka kwa kurudi nyuma. Nimechomeka vijiti vinne kwa mbali, na kuandika tarehe.

Zimebaki wiki nne kufika 2 Novemba. Usafi wa kila mwaka hufanywa kwa majembe na viberiti.

Jumapili, 13 Oktoba

Kikao baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe wa parokia. Viongozi wa jumuiya, WAWATA, vijana, Baba Paroko.

Mwenyekiti mmoja wa jumuiya alianza vikali, na naandika maneno yake kwa sababu yana uzito: "Kwetu sisi kaburi lenye majani ni kaburi lisilo na watoto. Mtu akipita akaona nyasi atasema marehemu huyu hana ndugu. Mnataka tuwaaibishe wazazi wetu kwa ajili ya ndege?" Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nilikuwa nakubaliana naye, maana ndivyo nilivyolelewa.

Niliwaeleza ninayoyajua. Kule Ethiopia, eneo la Gondar Kusini, misitu imekwisha karibu yote isipokuwa ile inayozunguka makanisa ya Kiorthodoksi. Ukiitazama kutoka angani ni viduara vya kijani kwenye nchi ya kahawia, na waumini huzikwa humohumo. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamezitunza kaya zao na makaburi ya wazee wao ndani ya msitu, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia. Hakuna anayesema watu hao wamewatupa wafu wao. Nikataja pia Iowa, Marekani: mbuga za nyasi ndefu zilizofunika sehemu kubwa ya jimbo zililimwa karibu zote, iliyobaki haifiki asilimia 0.1, na kipande kimojawapo kimebaki kwenye makaburi ya Rochester. Huko nako kuna wanaotaka yakatwe yawe kama zulia, na wanaotaka maua ya asili yaachwe yachanue kwanza.

Iowa haikumgusa mtu. Kilichobadilisha kikao ni yule mama wa bundi. Alisimama, akasema kwamba anataka kaburi la mume wake lisafishwe mpaka ling'ae, na hapo hatakubali jani hata moja. "Lakini kati ya mume wangu na jirani yake kuna hatua nne za ardhi. Hizo si za mtu. Kwa nini nizipige jembe?"

Ndipo mpango ukatokea, na ni wake zaidi kuliko wangu. Kila familia itasafisha kaburi lake lote na mkono mmoja kuzunguka. Njia zote zitafyekwa. Katikati ya makaburi nyasi zitafyekwa kwa fyekeo hadi kifundo cha mguu, hakuna jembe, hakuna kiberiti, na nyasi zitapelekwa nje ya uzio. Sehemu tatu hazitaguswa kabisa: kuzunguka mbula, kona ya nyuki, na vijiti vinne. Kwenye kila moja kutawekwa msalaba mdogo uliopakwa chokaa ili apitaye ajue pametunzwa, hapajasahaulika. Neno "kusahaulika" ndilo mwenyekiti aliloling'ang'ania, na alikuwa sahihi. Baba Paroko akafunga kwa sala.

Jumamosi, 26 Oktoba

Usafi. Watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Makinda mawili ya mpasuasanda yameanguliwa, yana manyoya ya rangi ya mchanga na yanatambaa kwa miguu. Leo yako hatua mbili nje ya vijiti. Kijana mmoja wa kwaya alisimama hapo na fyekeo lake kutwa nzima akiwaelekeza watu wapite upande wa pili. Mvua ya kwanza usiku.

Jumamosi, 2 Novemba

Misa iliadhimishwa makaburini. Baba alipita akinyunyiza maji ya baraka, mishumaa ikawashwa hata kwenye makaburi yasiyo na majina, kwa hatua za mzee kutoka kwenye mbula.

Na wiki hii yamechomoza yale maua mekundu ya mviringo kama mpira, bila jani, shina tupu kutoka ardhini na tufe la nyuzi nyekundu kichwani. Huwa yanasubiri mvua ya kwanza, kiazi chake kikiwa chini. Miaka iliyopita jembe liliyakata kabla hayajaonekana. Leo yalikuwa mengi katika zile hatua za katikati zilizofyekwa kwa juu tu, kati ya mishumaa. Mama ambaye Septemba hakutoka ndani alikuja. Alisimama muda mrefu mbele ya msalaba mpya wa mninga, kisha akanishika mkono, akapita.

Jumamosi, 23 Novemba

Kumbikumbi wametoka Jumanne, watoto wamejaza ndoo. Uyoga chini ya miyombo, aina saba tulizozipiga picha. Bibi mmoja alitutajia nne zinazoliwa na kukataa kututajia nyingine mpaka azione zimekomaa. Mbayuwayu wamefika. Koloni ya mzingani iko salama, imejijengea mrija mpya.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mbula zimeiva na makaburi yote yananukia. Popo wa matunda wanakuja usiku, watoto wanakuja mchana, wanamenya lile ganda la kahawia lenye madoadoa na kutema kokwa. Habari ya kokwa ni mbaya. Mwezi Juni nilizipanda 60 za mwaka uliopita kwenye viriba, nikazimwagilia miezi sita. Haijaota hata moja. Leo nimevimwaga viriba vyote na kuandika sifuri kwenye daftari.

Nilimwambia mzee. Hakujibu, akaniita nimfuate kona ya kusini, kwenye ule mweusi wa moto wangu. Sijapenda kufika pale tangu Septemba. Nyasi zimerudi, fupi na mbichi. Akachuchumaa, akazitenga kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na chipukizi la shibiri mbili, lina majani tisa. Nikaligeuza moja: jeupe chini, flana tupu.

Mzizi wa mbula umefika hadi huku. Moto ulipopita juu, mzizi ukatoa mtoto. Tukatafuta tukapata mawili mengine kwenye mstari uleule, madogo zaidi.

Mzee aliondoka, akarudi na yale matofali matatu yaliyovunjika ya kaburi la bibi wa nyuki. Akayapanga kuzunguka lile kubwa, moja moja, akiyakandamiza kwa kiganja. Kisha akasimama shinani mwa mbula mkubwa, akageuza uso kwenye chipukizi, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Ishirini na sita. Akaniambia niandike.